Sauti Waliyompa Kibonyo

Watu wa filamu walipokuja kwenye shule ya viziwi, watoto walidhani ni wakaguzi wa vyoo, maana wageni wenye viatu safi namna ile mara nyingi waliishia huko. Mwalimu mkuu aliwapanga wanafunzi uwanjani, na mwanamume mmoja mwenye kofia ya kitambaa akapita mbele yao akiwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Alipofika kwa msichana wa miaka tisa mwenye kishimo kwenye shavu la kushoto, alisimama. Msichana naye akamtazama, kisha akamwiga: akajivika kofia isiyokuwepo, akashika kiuno, akakunja uso kama mtu aliyeonja ndimu. Darasa zima likaangua kicheko, kile kicheko cha viziwi kinachotoka bila kujipima. Mwanamume akavua kofia yake.

"Huyu," akasema.

Ndivyo Kibonyo alivyopata kuwa mwigizaji. Jina hilo halikuwa la kwenye cheti. Lilikuwa jina la mikono, kidole kinachozungushwa shavuni, walilompa wenzake siku aliyoingia shuleni, na nyumbani likahamia vinywani. Mama yake alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akishinda kati ya mvuke na shuka, na hapakuwa na msimamizi wa kumpa ruhusa ya wiki tatu eti amsindikize mtoto kwenye sinema. Akamwendea mdogo wake.

"Nenda naye wewe," alimwambia. "Mimi huko nitaelewa taa tu."

Mdogo mtu alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Alijifunza lugha hiyo kwa ajili ya mtoto huyuhuyu, baada ya homa ya uti wa mgongo kumwachia uhai na kuondoka na masikio yake kabla hajatimiza miaka miwili. Baadaye ikawa ndiyo riziki yake, leo mahakamani, kesho kliniki, keshokutwa kwenye harusi ya viziwi. Aliyemfundisha alimwambia jambo moja ambalo hakulisahau: mkalimani ni bomba. Maji matamu yanapita, maji ya chumvi yanapita, bomba halichagui. Siku ya kwanza kwenye nyumba ya kupigia picha, mtu wa taa alimuuliza mtoto anamwitaje huyu aliyekuja naye. Akajibu kwa niaba ya mtoto, "Mama Mdogo." Basi ikawa imetoka. Hata watu waliomzidi umri mara mbili wakawa wanaita, Mama Mdogo, njoo huku, Mama Mdogo, mwambie asogee.

Yule mwenye kofia ndiye aliyekuwa mwongozaji wa filamu. Watu wake walimwita Bwana Tena, kwa kuwa hakuna picha aliyoipiga mara moja akaridhika. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi, na asubuhi ya kwanza alimketisha Mama Mdogo kwenye ngazi za nyuma akamweleza nia yake.

"Nimechoka," alisema. "Kila likizo ya mwisho wa mwaka tunawatolea watu filamu ya familia, na kila mwaka familia ni ileile. Baba ana gari, mama ana unga wa keki puani, watoto wawili wanashuka ngazi mbio. Hakuna kiziwi, hakuna mwenye magongo, hakuna mtoto anayelelewa na shangazi. Mama yangu mzazi alikuwa na mguu mmoja. Sijawahi kumwona kwenye filamu hata moja, wala mtu anayefanana naye."

"Na huyu wetu mtamfanyaje?" aliuliza Mama Mdogo.

"Simfanyi kitu. Ni kiziwi mwanzo, ni kiziwi mwisho. Familia ndiyo itakayobadilika."

Mama Mdogo akampenda palepale. Alikumbuka likizo za nyumbani kwa dada yake, ukoo mzima umejazana sebuleni mbele ya televisheni, na Kibonyo miguuni pa watu. Watu wakicheka, yeye hugeuka kusoma nyuso zao, huuliza kimetokea nini, huambiwa subiri, na kicheko chake kikija kinakuja peke yake, wenzake wamekwisha kunyamaza. Miaka yote hiyo hajaona mtu kwenye kioo kile akizungumza kwa mikono.

Hadithi yenyewe ilikuwa nzuri. Bibi mmoja na mwanawe wa kiume hawajasemeshana miaka mingi. Mwana anarudi kwa mama likizo, na mkewe na binti yao kiziwi. Kwa kuwa wawili wale hawataki kuongea, kila mmoja anampitishia mtoto maneno yake, tena kwa alama za kubahatisha, na mtoto anayachanganya kwa makusudi mpaka wanacheka. Mwisho bibi anajifunza alama ya "nisamehe," na anamwonyesha mwanawe badala ya kuitamka, kwa kuwa kuitamka kumemshinda.

Aliyeigiza bibi alikuwa mwigizaji mkongwe, mwanamke mnene wa sauti ya kukwaruza. Alijifunza alama kwa bidii ya mtu anayesomea mtihani. Vidole vyake vilikuwa vigumu, na siku moja, badala ya kusema "mjukuu wangu, njoo ule," alisema "mjukuu wangu, njoo nikule." Kibonyo alijitupa chini. Picha ikasimama, watu wakamzunguka kuuliza ana nini, na Mama Mdogo alipowafasiria, safari hii nyumba nzima ndiyo iliyocheka ikiwa imechelewa, nyuma ya kiziwi. Jioni ile Kibonyo alimsimulia mama yake kisa hicho kuanzia mlangoni mpaka kitandani.

Siku ya mwisho walipiga picha za getini, familia ikiondoka. Bwana Tena akaja na wazo.

"Atoke mbio," alisema, "asimame, ageuke amtazame bibi, halafu afungue kinywa, kama anaita."

Mama Mdogo akalifikisha. Kibonyo akakunja uso.

"Namwita nani?" aliuliza kwa mikono. "Mimi siiti kwa kinywa. Bibi nikimtaka napunga mkono, au napiga mguu chini."

Mama Mdogo akayasema hayo kwa sauti, kama yalivyo.

"Mwambie ni hisia tu," alisema Bwana Tena. "Sauti haitakuwepo. Patakuwa na muziki."

Kitu kilimgusa Mama Mdogo moyoni, kitu kidogo, kama unyoya uliotua kwenye maji. Aliuliza, "Sauti haitakuwepo kabisa?"

"Muziki, Mama Mdogo. Muziki mtupu."

Akafasiri: hisia tu, sauti haitakuwepo, patakuwa na muziki. Kibonyo akainua mabega. Alikimbia, akageuka, akafungua kinywa. Tena. Akafungua zaidi. Tena. Alisema anajihisi kama yuko kwa daktari wa meno, na Mama Mdogo aliwafasiria watu, wakacheka, na jua lilipokaribia kuwaponyoka picha ikapatikana.

Ikapita miezi. Siku bango lilipotoka, mama yake Kibonyo aliliona akitoka kazini. Lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa duka la dawa, na uso wa mwanawe umelijaza kutoka juu hadi chini, na kibonyo chake. Alisimama pale akiwa na sare yake ya kazi mpaka muuza duka akamuuliza kama anahitaji dawa. "Nahitaji ukuta," alijibu, na kisa hicho alikirudia kwa kila mtu kwa wiki nzima. Majirani waliomzoea Kibonyo kama mtoto wa kuonewa huruma sasa walimpa mkono. Shuleni alipewa heshima ya kugawa chaki.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana. Shule nzima ya viziwi ilialikwa, ikawekwa safu za mbele. Mama Mdogo alikuwa ameahidiwa kwamba patakuwa na maandishi chini ya picha, lakini alipofika, kijana wa mitambo alimwambia kwamba maandishi hayakuwahi kuandaliwa. Hapakuwa na la kufanya. Wakamtafutia kiti kirefu pembeni ya pazia la picha na kitaa kidogo cha kumulika mikono yake, naye akapanda. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, kama wafanyavyo wakalimani, ili mikono ionekane. Kutoka pale aliwaona wote: watoto wa shule na miguu isiyofika chini, Kibonyo katikati yao kwenye gauni la njano, dada yake safu ya nyuma akiwa amesuka nywele upya. Bibi wa filamu alipita kumsalimia Kibonyo, akamkumbatia muda mrefu kupita kiasi. Macho yake na ya Mama Mdogo yalipokutana, aliyaangusha. Mama Mdogo alidhani ni uzee, au ni taa.

Taa zikazimwa. Kwa saa nzima na zaidi mikono yake ilifanya kazi bila kupumua. Alikuwa bibi, akawa mwana, akawa jogoo aliyewika, akawa mlango uliolia. Watoto wa shule walicheka palepale watu walipocheka, maana safari hii waliokuwa wakizungumza kwa mikono walikuwa juu, wakubwa kuliko nyumba. Zamu ya "njoo nikule" ilipofika, kumbe Bwana Tena hakuikata, na safu za mbele zilipiga miguu sakafuni mpaka viti vikatikisika. Mama Mdogo alimwona Kibonyo akiwatazama wenzake badala ya kutazama picha. Hakuwahi kumwona amekaa wima namna ile.

Kisha likaja geti. Ile picha ya bibi kumwonyesha mwanawe alama ya "nisamehe" haikuwepo. Mama Mdogo aliisubiri, ikapita. Badala yake bibi alibaki peke yake akimwita mjukuu, sauti yake ya kukwaruza ikijaa ukumbi, njoo mjukuu wangu, njoo. Kibonyo kwenye pazia akakimbia, akasimama. Muziki ukanyamaza kabisa. Akageuka, akafungua kinywa, na ndani ya kinywa kile ikatoka sauti ya mtoto, nyembamba, safi kama glasi.

"Bibi, nakusikia."

Ukumbi ukavuta pumzi kwa pamoja. Nyuma mtu akapiga makofi, kisha wengi, na kina mama wakaanza kutafuta vitambaa kwenye mikoba.

Mikono ya Mama Mdogo ilikuwa imesimama hewani. Watoto wa shule walikuwa wakimtazama yeye. Walikwisha kuona kinywa kimefunguka, waliona watu wazima wanalia, wakangoja. Msichana wa safu ya kwanza akainua mkono: amesema nini? Mama Mdogo alifikiri, niseme ni muziki. Ingekuwa rahisi, na hakuna kiumbe katika safu zile ambaye angejua. Lakini Kibonyo naye alikuwa ameinua uso, ametulia, anangoja kuambiwa alichokisema mwenyewe. Bomba halichagui. Akafasiri.

"Sauti ya mtoto inasema: Bibi, nakusikia."

Kibonyo akauliza, mkono chini karibu na goti, kama anayenong'ona, "Sauti ya nani?"

"Sijui."

"Yangu?"

"Si yako."

Safu za mbele zikageuka zote kumtazama Kibonyo. Mvulana mmoja mkubwa akamwonyesha alama moja tu, kidole sikioni kisha kikapelekwa mbali, alama ya watu wanaosikia, ile wanayowaita nayo wageni. Taa zikawashwa. Watu walimiminika kumshika Kibonyo kichwa, wakainama, wakamsemesha. Wengine walimsemesha polepole, wengine kwa sauti kubwa, na mwanamke mmoja alimwita kwa nyuma kusudi aone kama atageuka.

Jumatatu Mama Mdogo alikwenda ofisini kwa Bwana Tena. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa na bango lilelile. Mwongozaji alisimama kumpokea, akamvutia kiti, akamtolea maji ya kunywa. Hakuna alichokikana.

"Siku ile getini sikukudanganya," alisema. "Siku ile ulikuwa muziki. Baadaye wenye kumbi waliwaonyesha watu filamu kwanza, wapime. Watu waliipenda. Lakini kila mmoja akauliza, sasa huyu mtoto atapona lini? Wakasema ni likizo, familia haiwezi kutoka ukumbini na donge kooni. Ama mtoto asikie, ama filamu isitoke."

"Haumwi," alisema Mama Mdogo. "Atapona nini?"

"Mimi najua haumwi."

"Wewe ndiye uliyesema ni kiziwi mwanzo, kiziwi mwisho."

"Nilisema." Alijipangusa uso kwa kofia. "Nami nikafikiri, afadhali watu wamwone saa nzima na dakika moja iharibike, kuliko wasimwone kabisa. Nani mwingine amemweka mtoto kiziwi kwenye bango zima? Nitajie mmoja."

Mama Mdogo hakuwa na wa kumtaja, na hilo ndilo lililomkata maini. Angekuwa mtu mbaya, angemtukana akaondoka na moyo mwepesi. Aliomba sauti ile itolewe. Bwana Tena akamwambia filamu imeshakwenda, iko kwenye kumbi za miji yote, haiko tena mikononi mwake. Akaomba basi yawekwe maandishi. Akaambiwa atauliza. Alipokuwa anainuka, mwongozaji akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba wenye kumbi wanataka sehemu ya pili kwa likizo ijayo.

"Kibonyo atafurahi," alisema Mama Mdogo. Hata hasira haikumzuia kulisema hilo, maana mtoto aliipenda kazi ile kuliko kula.

Bwana Tena alitazama meza. "Tatizo ni kwamba sasa anasikia. Kwenye hadithi, yaani. Sehemu ya pili anaongea. Wametaka yule mtoto wa ile sauti."

Nyumbani alimweleza dada yake. Dada mtu alikuwa anakunja nguo. Hata za nyumbani alizikunja kama za hospitali, pembe kwa pembe.

"Dua la kuku," alisema, na hakumalizia methali. Akaendelea kukunja.

Shuleni mambo hayakuwa mepesi. Kwenye bweni walianza kumwita kwa ile alama ya wanaosikia, badala ya kidole cha shavuni. Akipita walijifanya kumwita kwa vinywa, wakivifumbua wazi kama samaki. Mwalimu aliwakanya, wakaacha machoni pake wakaendelea mgongoni. Kibonyo hakusema kitu alipokwenda nyumbani mwisho wa wiki. Mama Mdogo aliyajua kutoka kwa mwalimu, na alipomuuliza, mtoto alisema tu, "Wataacha." Kisha akauliza sehemu ya pili inaanza lini. Mama Mdogo akamwambia ukweli. Alimwambia polepole, alama kwa alama, na mtoto aliitikia kwa kichwa kila baada ya neno, kama anayeandikishwa imla, na mwisho akaomba ruhusa akacheze.

Likizo zikaanza, filamu ikaenea. Ndipo watu walipoanza kuja mlangoni.

Wa kwanza alikuwa babu aliyetaka kumshika mkono mtoto wa sinema. Wa pili alileta mjukuu. Wa tatu alikuwa mwanamke kijana, amembeba mtoto mgongoni, na vumbi la safari limemfikia nyusi. Alikuja asubuhi, Mama Mdogo akiwa pale, na dada yake akijiandaa kwenda zamu. Walimkaribisha. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akamhamishia mtoto mapajani. Mtoto alikuwa mnono, macho yakizunguka kila kona. Mwanamke akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, na mtoto akaendelea kutazama pazia la dirisha.

"Mmeona," alisema. "Niambieni tu daktari ni nani. Mengine nitajitafutia."

"Mdogo wangu," alisema mama yake Kibonyo, "ile ni sinema."

"Najua ni sinema. Lakini mtoto si ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na alikuwa haongei?"

"Haongei mpaka leo. Ile sauti waliweka. Ni ya mtoto mwingine."

Mwanamke alimtazama Kibonyo aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, kisha akaitazama sare ya dada mtu iliyotundikwa mlangoni. "Unafanya kazi hospitali."

"Nafua shuka."

"Mwenye kufua shuka anajua nani ameamka akaziacha."

Walimweleza kwa zamu. Mama Mdogo alimweleza habari za shule, kwamba mtoto wake atajifunza, atasoma, atacheka, kwamba asicheleweshe, aanze kumsemesha kwa mikono leo hii. Mwanamke alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua iishe. Chai waliyommiminia haikuguswa. Hatimaye akasimama akafunga mbeleko.

"Sina kinyongo," alisema. "Wakati wa kiangazi kila mtu huficha kisima chake. Ila mimi ni mama kama wewe."

Akaaga, akatoka. Kibonyo akamvuta Mama Mdogo kwa upindo wa gauni: alikuwa anataka nini? Mama Mdogo akamfasiria yote, na kisima pia. Mtoto akaruka.

"Mwite arudi. Hajanielewa. Nitamwonyesha mimi mwenyewe." Na kabla hajajibiwa akatoka mbio.

Mama Mdogo alimfuata na ndala zake za ndani. Mwanamke alikuwa ameshafika karibu na kona, mgongo huku, na kichwa cha mtoto kikining'inia. Kibonyo alipunga mkono, lakini nani humpungia mtu mgongo? Alipiga mguu chini, lakini barabara ilikuwa ya lami na lori lilikuwa linapita. Basi akasimama katikati ya njia, akafumbua kinywa, akaita.

Ilikuwa sauti nene, pana, isiyo na herufi hata moja, iliyotoka tumboni na kukwaruza kila ilipopita. Mama Mdogo hakuwa ameisikia njiani tangu mtoto alipokuwa na miaka sita, siku watoto wa mtaa walipomcheka naye akaimeza. Mwanamke akageuka. Uso wake, uliokuwa umekauka muda wote ule, ukafunguka.

"Ameniita," alisema.

"Dada, hiyo ni sauti tu," alisema Mama Mdogo, pumzi zikimkatika. "Kila kiziwi ana sauti. Hasikii."

"Ameniita, nami nikageuka. Kuongea ni nini kingine?"

Kibonyo alikuwa ameshafika mbele yake, mikono inakwenda. Sisikii. Mimi ni kiziwi. Nasoma, naogelea, naigiza. Mtoto wako haumwi. Mlete shuleni kwetu, nitamfundisha jina langu. Mama Mdogo aliyatamka yote, neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza. Mwanamke hakuitazama mikono. Alikuwa akikitazama kinywa.

"Mwambie aseme tena," alinong'ona.

Mama Mdogo akalifikisha hilo pia. Kibonyo akamtazama yeye, akamtazama mwanamke, akamtazama mtoto mgongoni aliyekuwa akimfuatilia vidole kwa macho makubwa. Akafunga kinywa, akakaza midomo mpaka ikapauka. Akarudia kwa mikono: shule, mlete. Mwanamke akamshika kichwa. "Mungu akukuze," alisema, akaenda zake kituoni, na mwendo wake sasa ulikuwa wa mtu aliyepata alichokifuata.

Walirudi taratibu. Kibonyo akauliza, "Mwisho alisema nini?"

"Mungu akukuze."

"Atamleta shuleni?"

"Sijui."

"Ulimwambia kama nilivyosema?"

"Vyote."

"Mbona ameondoka anafurahi?"

Mama Mdogo akaanza alama moja akaiacha njiani, akaanza nyingine. Mwishowe alimshika mtoto mkono ili wavuke barabara, na mkono ulioshikwa hausemi, basi wakavuka hivyo.

Shule zilipofunguliwa, Mama Mdogo alipita kila wiki kuuliza kama kuna mwanamke aliyeleta mtoto mnono, wa kubebwa bado, kutoka mbali. Mwalimu alitazama orodha, akasema hapana. Baada ya muda akawa anamtikisia kichwa kutoka dirishani kabla hajaingia getini, kumpunguzia mwendo.